Kimia, Kamba na Deni la Tajiri: Baadhi ya Hukumu za Mvuvi wa Pwani

Sifa zote njema ni za Mwenyezi Mungu, Aliyeitiisha bahari ili waja Wake wapate ndani yake nyama laini. Rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), jamaa zake na sahaba zake wote. Ama baad.

Katika maswali yanayotoka vijiji vya pwani, lile la kamba halikauki: je, kumla ni halali au kuna shaka? Tutalijibu, kwani lina historia yake. Lakini tumeona kwamba wanaouliza swali hilo mara nyingi huwa wameshapita mlango mwingine uliostahili zaidi kuulizwa. Kamba aliye halali majini anaweza kufika sokoni akiwa ameuzwa kabla hajavuliwa, au ameuzwa kwa bei aliyopangiwa mvuvi na mdeni wake. Hapo ndipo haramu inapoingia, na huingia kimya kimya, kwa watu wanaoswali na kufunga.

Kwanza tukumbushane kazi yenyewe, kwa sababu mafaqihi hawalihukumii jambo mpaka wapate sura yake. Kimia ni wavu wa duara unaorushwa kwa mkono. Pembezoni mwake hufungwa vipande vya risasi, na katikati hutoka ugwe ambao mvuvi huufunga kwenye kifundo cha mkono. Husimama katika maji ya magoti au ya kiuno, au kwenye omo ya mtumbwi huku mwenzake akishika pondo. Sehemu ya wavu huiweka begani, sehemu huishika mkononi, kisha huzungusha mwili na kuuachia. Ukirushwa vizuri hufunguka kama mwavuli, risasi huzama mbio, na kilichokuwa chini ya duara kimeshafunikwa. Akivuta ugwe polepole, risasi hukutana na wavu ukawa mfuko. Kazi hii hufanywa hasa maji yanapokupwa, kamba wanapotoka katika hori na vijito vya mikoko, na wengi hupenda usiku kwa kuwa aina nyingi za kamba hujizika matopeni mchana.

Je, kamba ni samaki?

Asili ya uhalali ni aya ya 96 ya Suratul Maida, ambamo Mwenyezi Mungu amehalalisha mawindo ya bahari na chakula chake, hata kwa aliye katika ihramu ambaye mawindo ya nchi kavu ameharimishiwa. Kisha ipo hadithi ya Abu Huraira (R.A.), waliyoipokea Imamu Malik na wenye Sunan nne, kwamba mtu mmoja alimuuliza Mtume (S.A.W.) kuhusu kutawadha kwa maji ya bahari, naye akamjibu kuwa maji yake ni twahara na mfu wake ni halali. Aliulizwa jambo moja akajibu mawili, na jibu la pili ndilo lililowafaa wavuvi mpaka leo.

Kwa dalili hizo, katika madhehebu ya Imamu Shafii, ambayo ndiyo ya wengi wa watu wa pwani yetu, kila kisichoishi ila baharini ni halali kwa kauli iliyo sahihi zaidi, kiwe na sura ya samaki au la, wala hakihitaji kuchinjwa. Kamba na uduvi wameingia humo bila mjadala.

Mahanafi wao wamesema kwamba katika viumbe vya majini halali ni samaki peke yake. Kwao swali hugeuka: je, kamba ni samaki? Waarabu humwita rubian. Al-Damiri, mwanachuoni wa Kishafii aliyefariki mwaka 808 Hijria (1405), katika kitabu chake cha wanyama alimweleza rubian kuwa ni samaki mdogo sana mwekundu. Wanachuoni wa Kihanafi wa Bara Hindi waliogawanyika juu ya jambo hili walimtegemea yeye na mabingwa wa lugha katika kuhalalisha. Waliokataa walitazama elimu ya wanyama ya siku hizi: kamba hana uti wa mgongo, ana miguu kumi, na yuko karibu na kaa kuliko na changu. Sisi tunaona hoja ya lugha ina nguvu zaidi, kwa kuwa sharia ilisemeza watu kwa ada yao, si kwa migawanyo iliyokuja karne nyingi baadaye. Hata hivyo anayejizuia kwa kufuata madhehebu yake asisumbuliwe. Ama Jaafari, ambao kwao samaki halali ni mwenye magamba, wamemkubali kamba kwa riwaya zilizokuja kwao. Kwa hiyo katika karamu moja ya Mombasa au Dar es Salaam, sahani ya kamba wa nazi itamzunguka kila mtu, na atakayeipisha ni baadhi ya Mahanafi tu.

Kuna waulizao kuhusu kilichomo ndani ya uduvi, kwani hakuna awezaye kumpasua mmoja mmoja. Wanachuoni wa Kishafii, na miongoni mwao ni mwenye Fat-hul Muin, kitabu kinachosomeshwa sana katika madrasa zetu, wamesamehe kilicho tumboni mwa samaki wadogo kwa sababu ya uzito wa kuwasafisha. Kamba mkubwa hana udhuru huo. Mshipa mweusi wa mgongoni unatolewa kwa ncha ya kisu.

Wavu ni mkono

Kamba aliye majini hana mwenyewe. Hori haina mwenyewe, wala haifai mtu kusimama ufukweni akatoza watu kwa madai kuwa maji yale ni ya babu yake. Mali hupatikana kwa kutwaa, na wavu katika fiqhi ni mkono uliorefushwa. Kilichofunikwa na kimia kikawa hakina pa kutokea kimeshakuwa cha mrushaji, hata kabla hajakigusa. Mashafii wamepambanua zaidi: windo likiukata wavu lenyewe likatoka, limerudi kuwa la kila mtu, kwa kuwa imedhihirika kwamba wavu haukulidhibiti, lakini wavu ukikatwa na kitu kingine, mathalan mwamba, haki ya mvuvi haikuondoka.

Hapa tukumbuke kisa cha watu wa mji uliokuwa kando ya bahari, kilichotajwa katika Suratul Aaraf aya ya 163. Walikatazwa kuvua Jumamosi, na siku hiyo ndiyo samaki walikuwa wakijitokeza wazi. Wafasiri wameeleza kwamba walitega nyavu na kuchimba mabwawa kabla ya siku ya mwiko, wakaja kukusanya baada yake, wakasema: hatukuvua Jumamosi. Udhuru wao haukusimama, kwani kama wavu ni mkono, basi mkono wao ulikuwa ukivua Jumamosi nzima huku wao wamekaa majumbani. Ibnul Qayyim alikitumia kisa hiki katika kuzibatilisha hila za kibiashara ambazo jina lake ni bei na batini yake ni riba. Tutakirudia chini, maana kimia nacho kina hila zake.

Mwenye mtumbwi, mwenye kimia na mrushaji

Kwa kawaida huenda watatu: mmoja ana mtumbwi, wa pili ana kimia, wa tatu ana mkono wa kurusha. Wakirudi hugawana mafungu. Je, ushirika huu ni sahihi?

Imamu Shafii hakuuruhusu ushirika wa nguvu za miili, Mahanafi wameuruhusu katika kazi za ufundi lakini si katika kutwaa vitu vya mubaha kama kuni na samaki, na Malik na Ahmad wameuruhusu, ingawa Malik kwa masharti. Wenye kuruhusu hutaja habari ya Ibn Masud, Ammar na Saad waliokubaliana siku ya Badri kushirikiana katika watakachopata. Ipo kwa Abu Daud, na sanadi yake imesemwa, kwa kuwa Abu Ubaida hakusikia kutoka kwa baba yake Ibn Masud.

Mashafii wana mfano wa zamani unaofanana mno na jambo letu: mtu ana mnyama wa kubeba, wa pili ana kiriba, wa tatu anateka maji. Wakasema maji ni ya aliyeteka, na wenzake wana ujira wa mfano wa vyombo vyao. Ukiwaambia wavuvi wetu hukumu hiyo tu na ukaishia hapo, utakuwa umewavunjia kazi bila kuwapa njia. Lakini njia ipo katika vitabu hivyo hivyo. Imamu Nawawi (aliyefariki 676 Hijria, sawa na 1277) ameeleza katika Minhaj kwamba, kwa kauli iliyo dhahiri zaidi, inafaa kumfanya mtu wakili katika kutwaa vitu vya mubaha, na kuvua ni katika hivyo. Basi kabla ya kushua mtumbwi, wenzake wamwakilishe mrushaji, naye atie nia kwamba atakachofunika ni chao wote kwa mafungu waliyoyataja. Maneno matatu tu ufukweni, na kila kamba atatoka majini akiwa mali ya shirika.

Ama anayetoa kimia chake kwa kupewa nusu ya kilichovuliwa, na yeye mwenyewe amebaki nyumbani, Ibn Qudama (aliyefariki 620 Hijria, 1223) amesema katika Al-Mughni kwamba windo lote ni la mvuvi na mwenye wavu ana ujira wa mfano. Kisha akaongeza kwamba kwa kulinganisha na yaliyonukuliwa kutoka kwa Imamu Ahmad, mapatano hayo ni sahihi, kwani wavu ni kitu kinachozalisha kwa kufanyiwa kazi, kama shamba. Anayetaka kutoka katika hitilafu akodishe kimia kwa siku kwa kiasi maalumu, papatikane pasipatikane. Kikichanika juu ya jiwe bila uzembe, hasara ni ya mwenye kimia.

Neno dogo kuhusu macho ya wavu. Kamba hutaga bahari ya nje, na watoto wake huingia na maji kujaa mpaka kwenye mikoko, wakakulia humo miezi michache kabla ya kurudi nje. Anayevua horini kwa wavu wa matundu madogo, au kwa chandarua, anavua watoto. Serikali zinapoweka msimu au kipimo cha matundu, baadhi ya wavuvi husema kwamba kilichohalalishwa na Mwenyezi Mungu hakifungwi na mtu. Hilo si kweli kwa ujumla wake. Umar bin Khattab (R.A.) alifunga malisho ya Sharaf na Rabadha, na katika Sahihi Bukhari imo amri yake kwa msimamizi wa malisho yaliyofungwa: awaingize wenye ngamia na kondoo wachache, na ajihadhari na mifugo ya Ibn Auf na Ibn Affan, matajiri wa Madina. Sura ya jambo hilo tuliiona pwani yetu, Kenya iliposimamisha meli za kukokota nyavu katika Ghuba ya Ungwana mwaka 2006, na Tanzania ikasimamisha meli za kamba kuanzia 2008 kwa miaka kadhaa, huku wavuvi wadogo wakiendelea.

Kununua mrusho

Mchuuzi amesimama ufukweni, mvuvi amekwisha kukusanya kimia begani. Mchuuzi anasema: nitakupa elfu tano, mrusho huu ni wangu, utoke na kilo mbili au utoke mtupu. Watu hucheka, na wengine huuona ni mchezo wa bahati tu.

Haya mafaqihi waliyaandika zamani kwa jina lake. Marghinani (aliyefariki 593 Hijria, 1197) katika Al-Hidaya amekataza kuuzwa kile kitakachotoka kwa mrusho mmoja wa wavu. Mfano wake ni pigo la mpiga mbizi, ambalo kukatazwa kwake kumepokewa katika hadithi yenye udhaifu kwa Ibn Majah. Pia imepokewa kutoka kwa Ibn Masud kukataza kununua samaki aliye majini, kwa kuwa ni gharari. Muuzaji hamiliki anachokiuza, hakijui, wala hawezi kukikabidhi. Inafaa amkodi mvuvi kwa saa au kwa siku na amfanye wakili, ujira ujulikane na muda ujulikane. Hapo kitakachotoka ni chake. Kinachouzwa kwenye mrusho ni bahati, na kinachokodiwa kwa siku ni kazi.

Deni la tajiri

Sasa tumefika kwenye jambo lililotufanya tuandike. Mvuvi kimia chake kimeoza, au mtoto anaumwa. Humwendea tajiri, naye humpa shilingi 200,000 kwa sharti moja: kamba wako wote utaniletea mimi. Bei hupanga tajiri. Tuseme sokoni kilo ni 10,000, yeye anapokea kwa 7,000. Mvuvi akileta kilo tano kwa siku, katika siku ishirini amepeleka kilo mia moja, na amekatwa 300,000. Deni je? Deni liko pale pale, 200,000 kamili, halikupungua hata thumni. Wapo waliokaa hivyo miaka, na wapo waliorithi deni la baba pamoja na kimia chake.

Tajiri husema: mimi sitozi riba, nimekopesha laki mbili na nitarudishiwa laki mbili. Na haya ndiyo maneno ya watu wa Jumamosi. Mkono umebaki nyumbani, lakini wavu umetegwa.

Mtume (S.A.W.), katika hadithi waliyoipokea Abu Daud na Tirmidhi, amekataza kuunganisha mkopo na mauzo. Wanachuoni wameeleza sababu: mkopeshaji hujipunguzia bei kwa ajili ya mkopo, na upungufu ule ndio riba yake. Maneno mashuhuri kwamba kila mkopo unaovuta manufaa ni riba, sanadi yake kwa Mtume ni dhaifu, lakini maana yake imekubaliwa na wanachuoni pale manufaa yanaposhurutishwa. Abdullah bin Salam (R.A.) alimwonya Abu Burda asipokee kwa anayemdai hata mzigo wa majani makavu au wa shayiri, akasema ni riba. Imo katika Bukhari. Basi itakuwaje elfu tatu katika kila kilo?

Tusifiche tofauti iliyopo. Ikiwa sharti halikutamkwa, bali ni mazoea ya kijiji tu, Mashafii huliona jambo ni makuruhu, kwani mazoea kwao hayawi kama sharti. Wengine, na hasa Malik na wafuasi wake, wamekuwa wakali zaidi, na kaida ya kwamba linalojulikana kwa ada ni kama lililoshurutishwa inajulikana kwa wanafunzi wote. Ukweli ni kwamba ufukweni sharti hutamkwa, na mvuvi akipeleka kilo moja kwa mwingine hutukanwa mbele za watu.

Njia ya halali ni salam. Mtume (S.A.W.) alipohamia Madina aliwakuta watu wakilipia tende kabla ya mwaka au miaka miwili, akaagiza kwamba anayelipa kabla basi iwe kwa kipimo kinachojulikana, uzani unaojulikana na muda unaojulikana. Hadithi ni ya Ibn Abbas, kwa Bukhari na Muslim. Kwa hiyo tajiri akitaka, amlipe mvuvi 210,000 taslimu hapo hapo, kwa kilo thelathini za kamba wa aina fulani na ukubwa fulani, zipokelewe sehemu fulani tarehe fulani, ndani ya msimu ambao kamba hupatikana. Isisemwe kamba wa hori fulani wala wa kimia fulani, kwa sababu huenda hori ile isitoe kitu. Mvuvi akikosa, atanunua kwa wenzake ampe.

Msomaji atasema: lakini hapo pia kilo imeuzwa 7,000, tofauti iko wapi? Tofauti ni kubwa. Katika salam fedha ile ni bei, si mkopo. Kila kilo inayofika inapunguza deni, na kilo ya thelathini ikifika hakuna anayemdai mwenzake. Bei ya soko ikishuka mpaka 6,000, hasara ni ya tajiri. Mvuvi akishindwa kabisa, tajiri ama asubiri ama avunje mkataba na arudishiwe 210,000 zake bila nyongeza. Lakini tahadhari: deni la zamani haligeuzwi kuwa bei ya salam. Tumesikia wanaofanya hivyo, wakisema zile laki mbili ninazokudai ziwe malipo ya kamba wa mwezi ujao. Bei ya salam sharti ikabidhiwe katika kikao, na hiyo iliyotajwa ni kuuza deni kwa deni.

Limebaki swali la aliyekwisha kunaswa. Suratul Baqara aya ya 279 imempa mkopeshaji anayetubu rasilimali yake tu, asidhulumu wala asidhulumiwe. Mauzo yaliyofungwa ndani ya mkopo ni fasidi, na kamba walioliwa hawarudi. Kwa hiyo huhesabiwa kwa thamani ya soko ya siku walipopokelewa. Katika mfano wetu, kamba walikuwa wa thamani ya 1,000,000 na mvuvi alipewa 700,000. Zile 300,000 ni zake. Zinakatwa kwanza katika deni la 200,000, deni linafutika, na tajiri ndiye anayedaiwa 100,000. Imamu wa kijiji akiletewa shauri hili aombe daftari la tajiri, kwani kilo huwa zimeandikwa humo siku kwa siku, na aketi na wote wawili wapige hesabu mbele ya mashahidi.

Na Mwenyezi Mungu ndiye Mjuzi zaidi.